Shoka la Kuazima

Andiko: 2 Wafalme 6:1-7. Soma pia 2 Wafalme 4:1-7 na 4:38-44.



Wiki mbili zilizopita mama mmoja alinisimamisha nje ya kanisa baada ya ibada ya pili. Akaniambia, "Pasta, mwanangu ameitwa chuo kikuu. Niombee asirudi nyuma." Nikamwombea pale pale, tukasema amina, akaenda zake. Nilipofika nyumbani nikaona nimefanya kazi nusu. Nilimwombea mtoto asirudi nyuma, lakini sikumuuliza mama atalala wapi, karo imebaki ngapi, wala kama kuna mtu hata mmoja anayemjua huko anakokwenda. Somo hili limetoka hapo.

Tukizungumza juu ya vijana na chuo, wahubiri wengi tunakimbilia Danieli. Na Danieli ni mzuri, mimi mwenyewe nimemhubiri mara nyingi. Alisoma masomo ya Wakaldayo yote, hakukataa darasa, alikataa sahani tu. Lakini hebu tuwe wakweli: Danieli alisomeshwa na mfalme. Miaka mitatu chakula kiko mezani (Danieli 1:5). Hakuwa na salio la karo. Hakupigiwa simu na mwenye nyumba. Ukitaka kumwona mwanafunzi wa Likoni ndani ya Biblia, mtafute kwa Elisha, kati ya wale wanaoitwa wana wa manabii.

Wale walikuwa wanafunzi. Waliketi mbele ya mwalimu wao kujifunza, kama unavyosoma katika 2 Wafalme 4:38. Sasa angalia shida wanazoletea mtumishi wa Mungu. Katika sura ya 4 mwanzoni ni deni: mmoja wao amekufa, alikuwa mcha Mungu, na mdai amekuja kuchukua wanawe wawili. Mbele kidogo ni chakula: kuna njaa Gilgali na sufuria ina sumu. Katika sura ya 6 ni makao: wanasema mahali tunapokaa pametubana, twende Yordani tukate miti tujijengee. Kisha deni tena, lile shoka. Deni, chakula, makao, deni. Hakuna hata mmoja aliyekuja kwa Elisha na swali la kama Mungu yuko au hayuko.

Nasema hivi kwa sababu wazazi wengi wanaogopa maprofesa. Wanadhani mtoto ataingia darasani, mwalimu atasema jambo la falsafa, na wokovu utamtoka. Nimekaa chuoni miaka minne nikisomea biashara, na tangu niitwe kwenye huduma huwa natembelea wanafunzi. Walioachishwa imani na hoja za mwalimu nimewaona, lakini ni wachache, na wengi wao bado tunazungumza. Wengi nimewaona wakiondoka kimya kimya. Msichana anahamia kwa kijana kwa sababu yeye ana kodi ya chumba. Kijana anaanza kamari ya simu kwa shilingi 50 akitafuta nauli. Akishaanza kuona haya, anaacha kuja kwenye maombi. Anayeacha kuja kwa sababu ya haya hakuna anayebishana naye, kwa hiyo hakuna anayejua ameenda.

Kwa wale ambao hawajawahi kuishi kampasi, wacha nieleze kidogo. Watoto wetu wengine wanavuka feri kila siku kwenda Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor, wengine wako Pwani Kilifi, wengine wanapelekwa bara, Eldoret, Njoro, Juja, mahali ambapo mtoto wa Mtongwe anajua kwa mara ya kwanza baridi ni kitu gani. (Chuo hicho cha Tudor, kwa wasiojua, kilianza kama taasisi ya elimu ya Kiislamu kabla ya kuwa politekniki na mwaka wa 2013 kuwa chuo kikuu. Sisi wa Pwani tumesoma pamoja na majirani zetu tangu zamani.) Karibu kila chuo kina Umoja wa Wanafunzi Wakristo, CU kama tunavyouita. Vyama hivi vya nchi nzima vimeunganishwa chini ya FOCUS Kenya tangu 1973. Wanafunzi wenyewe ndio wanaoongoza: wanachagua mwenyekiti, katibu, mweka hazina, kiongozi wa maombi. Ibada ya Jumapili inafanyika kwenye ukumbi wa mihadhara, maandishi ya hesabu za Ijumaa bado yako ubaoni. Kuna vikundi vya kujifunza Biblia katikati ya wiki, kuna kesha, kuna maombi ya alfajiri.

Na mle ndani madhehebu yote yamechanganyika. Mimi nililelewa kwenye Pentekoste, nikajua maombi ni sauti. Mwaka wa kwanza nikakaa karibu na ndugu mmoja Mwanglikana akiomba kwa kitabu, polepole, machozi yanamtoka. Nilikuwa nimefundishwa kwamba haiwezekani.

Tusidharau mikutano ya wanafunzi. Paulo alipoacha sinagogi kule Efeso alikwenda darasa la Tirano akafundisha humo miaka miwili (Matendo 19:9-10). Mwaka wa 1729 kule Oxford, Uingereza, wanafunzi wachache wakiongozwa na akina Wesley walianza kukutana kusoma Maandiko, kufunga na kutembelea wafungwa. Wenzao waliwacheka wakawapa jina la kejeli, na jina hilo ndilo la Wamethodisti hadi leo. Na sisi Wapentekoste tusisahau: habari ya Topeka, Kansas, Januari 1901, ilikuwa habari ya wanafunzi wa chuo kidogo cha Biblia waliokuwa wakiomba. Kwa hiyo mtoto akikwambia "niko kwenye CU", usimwambie aache kelele asome.

Sasa nirudi kwenye shoka, na hapa itabidi niseme habari zangu mwenyewe. Mchungaji wetu kiongozi anazijua na ameniruhusu niziandike.

Mwaka wa 2015 nilikuwa mwaka wa tatu, na nilikuwa mweka hazina wa CU. Nilichaguliwa kwa sababu nasomea biashara, watu wakadhani anayejua kuandika hesabu ni mwaminifu. Mwezi wa pili mwaka huo baba aliachishwa kazi. Karo ilibaki shilingi 18,500 na bila kumaliza salio huruhusiwi kuingia chumba cha mtihani. Nilikuwa na sadaka za wiki kadhaa ambazo sijazipeleka benki, ziko kwenye sanduku la chuma chini ya kitanda changu. Nikazichukua. Nilijiambia naazima. Nilipanga kurudisha mkopo wangu wa masomo ukiingia. Mkopo ukaingia, nikalipa madeni mengine yaliyokuwa yanapiga kelele zaidi, kwa sababu sanduku halipigi kelele.

Nataka mwone kitu kimoja. Yule kijana wa Yordani shoka lake lilikuwa limeazimwa kwa ruhusa. Mwenye shoka alijua liko wapi. Langu halikuwa la kuazima, lilikuwa la kuiba na nikaliita la kuazima. Na katika miezi ile miwili niliongoza maombi, nikafundisha kikundi cha Biblia, nikafunga Jumatano. Hakuna aliyenitazama akajua. Mwanafunzi anaweza kuwa amerudi nyuma na bado yuko mstari wa mbele na maikrofoni.

Alhamisi ya Aprili 2, 2015, siku moja kabla ya Ijumaa Kuu, tuliamka tukasikia habari za Garissa. Al-Shabaab walikuwa wameingia Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa alfajiri. Wenzetu wa CU walikuwa darasani wakiomba, na walivamiwa wakiwa katika maombi hayo. Kisha wauaji wakaingia hosteli wakitenganisha Wakristo na Waislamu. Jioni idadi iliendelea kupanda, na mwishowe ikawa watu 148, 142 kati yao wanafunzi. Sisi wa Mtongwe hatuhitaji kuelezwa maana ya kungoja majina. Wapo kati yetu waliosimama ufuoni Aprili 29, 1994 feri ilipozama hapa na watu 272 wakafa. Wanajua jinsi mzazi anavyomsogelea mwenye karatasi na papo hapo hataki kusogea.

Mwenzangu wa chumba alikuwa Mwislamu, kijana wa Msambweni. Usiku ule alikaa kitandani kwake muda mrefu halafu akaniambia, "Ndugu yangu, nisamehe." Nikamwambia hajanifanyia lolote. Hatukulala. Saa kumi na moja alfajiri aliamka kuswali kama kawaida yake, alipomaliza akaniguza bega: "Amka, wenzako wanakungoja." Nilikuwa nimepanga kujifanya nimelala. Nilidhani hakuna atakayekuja. Nilipofika kwenye darasa letu la maombi watu walikuwa wamejaa hadi mlangoni, wengine sijawahi kuwaona kwenye CU tangu wiki ya kwanza ya mwaka wa kwanza. Walioacha kuja kwa uvivu walikuja. Askari wawili walisimama nje. Tuliomba kwa hofu, sitaki kuwadanganya; kila mlango ukilia tuligeuka. Lakini tuliomba.

Jumamosi kamati ilikutana. Ikaamuliwa CU itoe mchango kwa familia za wenzetu, na utolewe mara moja kutoka kwenye hazina. Mwenyekiti akanigeukia: tuna kiasi gani? Nikafungua kitabu nikasoma jumla. Kitabu kilikuwa sawa kabisa. Sanduku ndilo lililokuwa na shimo la 18,500. Wakasema amina, wakapanga fedha zitumwe Jumanne baada ya Pasaka.

Fikiria hiyo Pasaka yangu. Wenzangu wamekufa wakiomba, na pesa ya kuwafariji wazazi wao nimelipia karo.

Jumapili usiku nikaenda chumbani kwa mwenyekiti. Alikuwa anafua shati kwenye beseni. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Nilitarajia aniulize kwa nini, na nilikuwa nimetayarisha jibu refu juu ya baba. Hakuniuliza. Alikausha mikono akauliza, "Zimebaki ngapi? Na zile zingine zilikwenda wapi hasa?" Miaka imepita ndipo niliposoma 2 Wafalme 6:6 nikasimama hapo. Kijana analia kwamba chuma kimezama na si chake. Elisha hamuulizi kwa nini hukukaza mpini, wala kwa nini uliazima kitu usichoweza kulipa. Anauliza kilianguka mahali gani. Na yule kijana anamwonyesha. Hapo ndipo Elisha anapokata kijiti na kukitupa. Chuma kikaelea mahali palipoonyeshwa.

Wapendwa, sehemu ngumu ya muujiza ule ni kidole cha yule kijana. Anaonyesha wenzake wote, na mwalimu, mahali hasa alipopoteza mali ya mtu.

Haikuwa rahisi baada ya hapo, na Mungu hakunidondoshea 18,500. Nilisimama mbele ya kamati. Dada mmoja alilia kwa hasira, na alikuwa na haki. Niliondolewa uweka hazina usiku ule ule. Wanakamati wakachangishana kutoka mifukoni mwao, wanafunzi ambao wengine walikuwa wanakula mlo mmoja kwa siku, mchango wa Garissa ukaenda Jumanne kamili. Mimi nikaandikiwa deni. Nililipa kwa kuuza mayai ya kuchemsha na kachumbari hosteli kwa hosteli usiku, na mnunuzi wangu wa kwanza kila usiku alikuwa yule mwenzangu wa Msambweni. Nilimaliza Novemba. Hata ule mlango wa mtihani nilioufungua kwa pesa ile, matokeo yake yalikuwa mabaya, somo moja nililirudia. La ajabu ni kwamba somo lenyewe lilikuwa ukaguzi wa hesabu, ambapo tulifundishwa kwamba mtu mmoja asihesabu, asitunze na asiandike fedha zile zile. Nilikuwa nafanya yote matatu. Mkiona siku hizi sadaka zetu zinahesabiwa na watu watatu na zinakwenda benki Jumatatu, msidhani ni kwa sababu hatuwaamini mashemasi. Ni mimi niliyeomba iwe hivyo.

Katika miezi ile yote, kanisa nililotoka nyumbani (wakati huo halikuwa hili) halikunipigia simu hata mara moja. Siwalaumu sana, sikuwa nimewaambia. Lakini walikuwa na namba yangu, kwa sababu ujumbe wa michango ya ujenzi ulinifikia vizuri.

Sasa turudi mstari wa 3, ambao tunaupita haraka. Wanafunzi walimwomba Elisha ruhusa waende Yordani, akawapa. Angeweza kubaki hapo, amewabariki, kazi imekwisha. Mmoja wao akamsihi: wewe nawe uje pamoja nasi. Akakubali, akaenda nao. Kama angebaki nyumbani, shoka lingezama na hakuna mtu wa kuulizwa. Sisi tuna desturi ya kuwaita vijana mbele Septemba, kuwawekea mikono, kisha tunawaona tena wakiwa na joho la mahafali. Katikati hapo hatupo.

Kuna wanaokuwepo, ndiyo maana nawaomba mrudi kwenye ile sufuria ya sura ya 4. Kulikuwa na njaa. Mmoja akaenda shambani akachuma matango mwitu bila kujua ni nini, akakatia chunguni. Wenye njaa hawaulizi chakula kimetoka wapi. Nje ya kampasi nyingi kuna watu wanaojiita manabii ambao wanajua kabisa siku mikopo ya masomo inapoingia. Wanamwambia mtoto apande mbegu afaulu mtihani. Nimekaa na kijana aliyetoa pesa yake yote ya muhula namna hiyo, akala kwa kuombaomba wiki tisa, na bado alikuwa anamtetea "baba" yake wa kiroho. Ukimpigia kelele huyo hakusikii. Elisha alifanya nini? Aliomba unga. Mstari wa 41, aliutupa unga ndani ya sufuria, na chakula kikafaa. Nimecheka nilipoliona hilo. Dawa ya sumu ilikuwa unga! Kijana aliyetumiwa unga na maharagwe na watu wa kwao hana njaa ya kumkimbilia nabii wa stejini.

Na mara tu baada ya hapo, mstari wa 42, anatokea mtu wa Baal-shalisha na mikate yake ishirini ya shayiri. Hatujui hata jina lake. Hakuwa nabii wala mwalimu, alikuwa mshirika wa kawaida aliyeleta malimbuko, na watu mia wakala wakasaza.

Kwa wale vijana mnaoondoka mwezi ujao, maneno machache. Wiki ya kwanza itafute CU, usingoje wiki ya tatu. Ya tatu utakuwa umeshapata marafiki wengine. Ukiambiwa na ushirika wowote usiwaambie wazazi mnachofundishwa, toka. Mwislamu utakayelala naye chumba kimoja mheshimu, na akiamka alfajiri nawe uamke. Chuo cha Garissa kilifunguliwa tena Januari 2016, na wapo wanafunzi waliokubali kurudi kusoma humo humo; kwa hiyo usiniambie baridi ya Eldoret imekuzuia kwenda maombi. Na shoka likizama, nipigie. Hata kama haukuliazima. Sitakuuliza kwa nini.

Maswali ya ushirika wa nyumbani wiki hii ni mawili tu. Je, unaweza kutaja kwa jina wanafunzi watatu wa kanisa letu walioko chuo sasa, na mahali wanapolala? Na je, kwenu nyumbani, mtoto akipoteza kitu kisicho chake, sauti ya kwanza anayoisikia ni ipi?

Jumapili hii daftari litakuwa mezani karibu na mlango wa upande wa jikoni. Wazazi wenye watoto vyuoni waandike jina, chuo, na namba ya simu ya mtoto, sio ya mzazi. Anayeweza kumpigia mwanafunzi mmoja mara moja kwa wiki mbili aandike jina lake ukurasa wa pili. Akina mama wa Jumatano wamesema wataanza na kilo mbili za unga na kilo moja ya maharagwe kwa kila mtoto wa mwaka wa kwanza. Magunia yatapakiwa Ijumaa saa kumi, na tunahitaji mtu mwenye tuktuk wa kuyafikisha Likoni.